Wageni Waliokuja Kutazama Shida

Dobi hakukusudia kusikiliza. Alikuwa anaanika mashuka ya nyumba ya kulala wageni kwenye kamba inayopita chini ya dirisha la chumba chao, na dirisha lenyewe lilikuwa pazia tu, kwa hiyo sauti ya binti yake ikamjia bila hodi.

"Mimi ni mtoto wa dobi." Sauti ikasita, ikakohoa, ikaanza upya. "Mimi ni mtoto wa dobi. Baba yangu hakumaliza hata shule ya msingi. Babu yangu naye alikuwa dobi, hakuwahi kuuona mlango wa darasa. Kwetu umaskini ni urithi. Naomba ufadhili huu ili urithi huo ukomee kwangu."

Kisha binti akarudia, safari hii kwa madaha, kama msomaji wa habari redioni: "Kwetu umaskini ni urithi."

Shuka likamponyoka Dobi, likaangukia udongoni. Akaliokota, akalitazama lile doa jekundu, akalirudisha kwenye karai. Hakuwa na hasira, au alidhani hana. Alichojua ni kwamba mikono yake ilikuwa imesahau ilichokuwa inafanya.

Binti huyo mtaani walimwita Kipanga, kwa sababu tangu aanze shule hakuna aliyewahi kumpita kwenye mtihani. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila Jumamosi alikwenda shuleni kukutana na mwanamke mmoja kijana ambaye wanafunzi walimwita Dada Mshauri. Huyo aliwafundisha mambo ambayo hayamo vitabuni: namna ya kuchagua kazi, namna ya kujieleza mbele ya wakubwa bila kutazama vidole vya miguu, namna ya kuomba ufadhili wa chuo. Kabla ya Dada Mshauri, ungemuuliza Kipanga atakuwa nani angekujibu "nesi", kama wasichana wote wa mtaa ule, maana nesi ndiye msomi pekee waliyewahi kumsogelea. Halafu Dada Mshauri akawapeleka kwenye mtambo wa kusafishia maji ya mji, na Kipanga akarudi anaongea mabomba na matangi mpaka chakula kikapoa. Uhandisi wa maji. Dobi alilirudia neno hilo peke yake akiwa kwenye karai, akalipenda. Hakujua kwamba ili mtoto alifikie, lazima kwanza baba aelezwe mbele za watu kama ugonjwa wa ukoo.

Akaingia ndani. Kipanga alikuwa amesimama mbele ya kipande cha kioo kilichochomekwa ukutani. Alishtuka.

"Shikamoo, Baba. Umemaliza?"

"Marahaba. Bado." Akachukua vibanio vya nguo ambavyo hakuvihitaji, akatoka.

Habari yenyewe Kipanga aliileta mezani siku mbili tatu baadaye. Meza ilikuwa ile ile ya kupigia pasi, wameitandua blanketi.

"Nimepita mchujo," alisema, akijaribu kuliweka neno chini polepole lisipasuke. "Tumebaki wachache. Alhamisi kamati inakuja nyumbani."

Mama Kipanga alianza kigelegele, akakimeza nusu kwa kuogopa majirani. "Wanakuja hapa? Kufanya nini?"

"Kuona tunavyoishi. Wakiridhika, mambo yameisha. Dada Mshauri amesisitiza tusibadilishe kitu. Tukae kama siku zote."

"Waone nini?" Dobi aliuliza.

"Hali yetu, Baba."

"Hali yetu ina nini?"

Kipanga akamtazama mama yake, mama akatazama sahani. Jibu lilijaa chumba kizima: paa linalovuja upande wa kitanda, ndoo inayokinga, marobota ya nguo za watu yaliyojipanga mpaka darini, mengi kuliko nguo zao wenyewe. Dobi akasukuma sahani, akatoka nje kukagua kamba ambayo haikuwa na nguo.

*

Hakutulia tena. Alizibaziba nyufa za ukuta kwa saruji ya kuokoteza. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Kila alipokaa, makalio yaliwaka moto akainuka. Mkewe alimwambia, "Baba Kipanga, hata kuku anayetaka kutaga ana subira kuliko wewe," naye akacheka kwa mdomo tu.

Jumatano aliacha nguo kwenye povu, akavuka barabara hadi kwa Fundi Seremala. Kochi la watu watatu lilikuwa limekaa mbele ya karakana, jipya, la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, limefungwa nailoni kama mkate.

"Niazime hili mpaka kesho jioni," Dobi alisema.

Fundi akaacha kupiga randa. "Hilo lina mwenyewe. Anakuja Ijumaa."

"Ijumaa si Alhamisi."

"Dobi, tangu lini wewe ukakaa kwenye kochi?"

"Nina wageni. Wa Kipanga."

Uso wa Fundi ukafunguka. "Posa! Mtoto mwenyewe kakubali?"

"Posa gani, mtoto anasoma! Ni watu wa ufadhili. Wanakuja kutukagua."

Fundi alikuna kichwa kwa penseli. Alimfahamu Dobi kwa miaka, hakuwahi kumsikia akiomba hata chumvi. "Haya. Lakini nailoni isitoke. Na chai isisogee karibu. Likidondokewa na tone, nitakuja kulala kwako mimi na wanangu."

"Nitakufulia mwezi mzima."

"Utanifulia miwili."

Walilibeba wawili, wakalipenyeza mlangoni kwa ubavu. Lilipotua, chumba kiliisha. Ikabidi kitanda kisimamishwe ukutani na kufunikwa kwa shuka. Mama Kipanga aliporudi kutoka kisimani alikuta hana pa kuweka ndoo.

"Baba Kipanga, hiki nini?"

"Kochi."

"Mimi si kipofu. Nauliza linafanya nini humu."

"Wageni watakaa wapi? Juu ya ndoo?"

"Ee Mola wangu." Mama akaitua ndoo mlangoni, akashika kiuno. "Watu wanakuja kutazama shida, wewe unawawekea kochi! Wewe ukienda hospitali unajipaka poda ili daktari asijue unaumwa?"

"Mimi siumwi."

"Nani kasema unaumwa?"

Dobi alitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kooni, yale ya binti yake na sauti yake ya redioni, lakini akayaona hayatoki bila yeye mwenyewe kuyasema, na kuyasema ilikuwa sawa na kuyakubali. "Sitaki mtu aingie kwangu aanze kuhesabu matundu," alisema.

"Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo."

"Wahenga hawakuwa na binti wa kusomesha."

Mama Kipanga alimtazama muda mrefu. Kisha akaingiza ndoo kwa kurusha mguu juu ya kochi, nailoni ikalia *kwaru*, akamwambia, "Kesho ikiharibika, usinitafute."

*

Alhamisi Kipanga alikuwa shuleni. Mpango ulikuwa aje pamoja na wageni. Dobi alioga mapema, akavaa shati lake jeupe, akajitazama kwenye kile kipande cha kioo. Shati lilikuwa safi. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi mno, kola imekuwa nyembamba kama karatasi. Pembeni, kwenye msumari, kulikuwa na koti la suti la Karani wa mahakama, la kijivu, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mwenyewe alisema atalifuata Ijumaa.

Kuna mambo ambayo mtu wa kazi ile hayafanyi. Baba yake alimfundisha kufua bila kumfundisha mengi mengine, lakini hili alimfundisha kwa bakora: nguo ya mteja haivaliwi, hata iwe baridi ya kugandisha damu. Dobi alilishika lile koti begani, akaliacha. Akaenda mlangoni, akachungulia barabara. Akarudi. Akavua shati lake, maana kola ile ingechungulia, akabaki na fulana, akavaa koti juu, akalifunga vifungo mpaka kifuani.

Lilimpwaya. Mikono ilimeza mikono yake.

"Vua hilo," mkewe alisema kutoka mlangoni.

"Wanakuja."

"Ndiyo maana nakwambia vua."

Lakini gari lilikuwa limeshasimama.

Waliingia wanne. Mbele alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, mwenyekiti wa kamati, ambaye wengine walimwita Bibi. Nyuma yake kijana aliyebeba kishikwambi, halafu Dada Mshauri, na mwisho Kipanga na sare yake ya shule. Kipanga alikanyaga kizingiti, akaliona kochi. Akamwona baba yake. Dobi aliuona uso wa mtoto ukifungwa, kama mtu anavyofunga duka ghafla.

"Karibuni, karibuni sana, kaeni."

Wageni wakakaa. Nailoni ikalia chini yao, na kila aliyejisogeza ilimsema tena. Bibi akatabasamu. Kijana akatazama kochi, akatazama kishikwambi chake, akarudi kwenye kochi.

"Mzee unafanya kazi gani?" aliuliza.

"Shughuli za... usafi wa mavazi," alisema Dobi.

Mama Kipanga alikohoa.

"Kochi zuri," kijana akaendelea. Hakumwambia Dobi, alimgeukia Kipanga aliyesimama karibu na mlango. "Kwenye maombi yako uliandika nyumbani kuna kitanda, meza na stuli mbili. Hili ni la kwenu?"

Dada Mshauri alimtazama msichana wake kwa macho ya kumsihi. Ilikuwa rahisi. Lilikuwa neno moja, nalo lilikuwa la kweli. Kipanga alifungua mdomo, akamtazama baba yake aliyekaa ukingoni mwa stuli, mgongo umenyooka kama anapigwa picha, ncha za vidole zikichungulia kwenye mikono ya koti la mtu.

"Ndiyo," Kipanga alisema. "Ni la kwetu. Baba amelinunua."

Kijana akagusagusa kishikwambi. Dada Mshauri akainamisha kichwa.

"Hodi! Hodi hapa!" Sauti nene ikatoka uani, na mwenyewe hakungoja karibu. "Dobi, utaniwia radhi, wakwe wamesogeza siku, nalihitaji lile koti sasa hivi..." Karani wa mahakama alisimama mlangoni. Macho yake yalienda kwenye msumari mtupu, yakazunguka juu ya wageni, yakatua kifuani mwa Dobi.

Karani akasogea, akashika ukosi wa koti kwa vidole viwili, akaugeuza kutazama jina la mshonaji ndani.

"Hili si langu?"

"Ni lako, mzee."

"Nawe umelivaa."

"Nimelivaa."

Dobi akaanza kufungua vifungo. Vilikuwa vigumu, ikawa kazi ya muda mrefu kuliko inavyostahili. Alipolivua akabaki na fulana, na fulana ilikuwa na matundu kwapani na jingine kubwa tumboni ambalo hakuna siku aliyowahi kulifikiria. Karani akalipokea koti, akalipeleka puani.

"Sasa niende nalo ukweni na jasho lako?"

Kijana wa kishikwambi alicheka kidogo, akajizuia. Kipanga alikuwa amegeukia ukuta.

"Ngoja nilipitishie pasi," Dobi alisema.

Mkewe alikwisha kwenda. Alirudi na pasi ya mkaa kutoka uani, makaa yakimetameta kwenye matundu yake, akaiweka juu ya bati. Kisha, bila kusema neno, akatandika blanketi mezani mbele ya wageni. Dobi akalilaza koti, akanyunyiza maji kwa vidole, akaweka kitambaa juu, akashusha pasi. Mvuke ukapanda. Mkono ulipoanza kwenda na kurudi, ndipo akaweza kusema, bila kuinua macho.

"Kochi ni la mteja wa Fundi Seremala, hapo ng'ambo. Nimeliazima jana. Mtoto hakujua, amelikuta kama mlivyolikuta nyinyi. Hicho kilichosimamishwa ukutani chini ya shuka ni kitanda chetu. Paa linavuja huku. Mimi ni dobi. Sikumaliza shule. Baba yangu pia." Akaligeuza koti, akaanza mkono wa pili. "Huyo mtoto amewadanganya ili nisiaibike. Basi. Nimeshaaibika, sasa mnaweza kumuuliza tena."

Hawakumuuliza. Karani alipokea koti lake likiwa la moto, akasita kana kwamba anataka kusema neno la heri, akaondoka. Bibi alisimama, nailoni ikalia kwa mara ya mwisho.

"Tumeona," alisema kwa upole. "Ahsanteni."

Kijana hakuwa mpole. "Tutaandika kama ilivyokuwa," alisema. "Mwombaji aliulizwa uso kwa uso, akasema uongo."

*

Gari lilipoondoka, Mama Kipanga alikaa kwenye lile kochi alilolikataa na kulia. Alilia kama anayefanya kazi, kwa nguvu, ili akimaliza apumzike.

Dobi alimkuta binti yake uani, amekaa kwenye karai lililopinduliwa.

"Kwa nini ulisema ni letu?"

"Ulikuwa umekaa pale, Baba. Ulitaka niseme nini?"

"Useme kweli. Si ndivyo unavyofundishwa?"

"Nimefundishwa!" Kipanga akainuka. "Nimefundishwa niseme nilikotoka. Nimekariri wiki nzima. Nawe ukaniletea kochi! Kwa nini? Kama hutaki niende, si ungeniambia tu?"

"Nisitake uende?" Dobi alihisi kama ardhi imesogea. Hilo hakuwahi kulifikiria. "Mwanangu, mimi nimekusikia. Siku ile naanika mashuka. Umaskini kwetu ni urithi. Babu yako hakuwahi kuuona mlango wa darasa. Uliyasema vizuri. Ukayarudia ili yapendeze."

Rangi ikamtoka Kipanga.

"Yale ni... Baba, yale ni ya kwenye usaili. Kila mmoja wetu anayo. Mwenye kilio kikubwa ndiye anayesikilizwa. Sikufikiri kama uko hapo."

"Niko hapo siku zote. Kamba yangu inapita hapo."

Kipanga aliitazama kamba. Alikuwa na umri ambao mtu anajua kuomba msamaha kwa mwalimu lakini hajajua kumwomba baba yake. Akaingia ndani, akabaki kwenye giza la chumba lililokuwa nyuma ya kochi.

Jumamosi Dada Mshauri alikuja mwenyewe, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Alikataa kukaa. Kochi lilikuwa limekwisharudi kwa Fundi na stuli ilikuwa moja, nyingine ina nguo.

"Kamati inakaa wiki ijayo," alisema. "Wengi wanataka jina lake litoke. Si kwa sababu ya kochi. Ni kwa sababu ya lile jibu. Nimewaeleza, wanasema sheria ni sheria." Akamgeukia Dobi, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo, karibu sawa na wanafunzi wake. "Mzee, mimi ndiye niliyemwandikia ile sentensi ya urithi. Kipanga alikuwa ameandika nyingine, ya kawaida. Nikamwambia haina nguvu."

"Alikuwa ameandika nini?"

"Sikumbuki vizuri. Kitu kuhusu maji."

Dobi akaitikia kwa kichwa. Alingoja hasira ije, haikuja. "Ofisi yenyewe iko wapi?" aliuliza.

*

Alivaa shati lake. Kola ilikuwa nyembamba, na mlinzi wa getini aliitazama kola hiyo kabla hajamtazama usoni.

"Wachukua nguo chafu mlango wa nyuma."

"Sijaja kuchukua nguo. Nimekuja kumwona Bibi wa kamati."

"Una miadi?"

"Sina."

"Basi mlango wa nyuma."

Dobi alizunguka. Mlango wa nyuma ulimpeleka jikoni, jiko likampeleka kwenye korido, na korido ikamtoa mapokezini, mbele ya msichana aliyepaka kucha rangi, ambaye aliinua kichwa na kusema, "Ah, afadhali. Mapazia yako yale pale kwenye kona."

"Mama, mimi sikuja kwa ajili ya mapazia."

Alipoeleza, akaambiwa Bibi yuko kikaoni, akitaka angoje. Viti vilikuwa vya ngozi. Alikaa ukingoni, akainuka, akatazama picha za wanafunzi ukutani, wote wanacheka na wote wamevaa majoho, akakaa tena. Watu waliingia na kutoka. Mmoja alimpa funguo za gari akidhani ni dereva. Wakati wa chakula msichana wa mapokezi aliondoka, akarudi ananukia mchuzi, akamkuta amesimama dirishani.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Watu wengine mna moyo," alisema, na labda ni kwa ajili hiyo aliinua simu.

Ofisi ya Bibi ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea, imejaa mafaili. Bibi alimtambua kabla hajajitambulisha, naye Dobi akaona aibu, kwa kuwa alijua anakumbukwa kwa fulana ipi.

"Karibu, Baba Kipanga. Keti."

"Nitasimama. Nikikaa nitasahau." Akavuta pumzi. "Yule mtoto mnataka kumtoa kwa sababu alidanganya. Ni kweli alidanganya. Lakini uongo wenyewe niliupika mimi, nikampakulia, akaula mbele yenu ili mimi nisife kwa aibu. Kama kuna wa kutolewa, nitoeni mimi."

"Wewe humo kwenye orodha."

"Ndiyo tabu yenyewe. Nimo kwenye hadithi, simo kwenye orodha."

Bibi alivua miwani. "Kwa nini uliliazima lile kochi?"

Dobi alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Hili alilikwepa njia nzima. "Nilimsikia akinisema," alijibu mwishowe. "Anajifunza kunisema ili nyinyi mpate kumhurumia. Nami nikataka siku moja tu watu waingie kwangu wasione huruma. Niliona ni kitu kidogo."

Bibi alifuta miwani. Nje ya mlango mtu alipita akisukuma kitoroli cha chai. "Sisi tunawaambia waseme ukweli wao," alisema. "Sidhani kama tumewahi kujiuliza nani mwingine anausikia." Kisha akauliza, "Ungependa aseme nini juu yako?"

"Sijui, mama." Dobi alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nilidhani nikifika hapa nitajua. Aseme dobi. Aishie hapo. Mtu akisikia dobi, si atajua mengine mwenyewe?"

"Siwezi kukuahidi chochote. Mimi ni mmoja tu kwenye kamati."

"Sijaja kuahidiwa. Nimekuja kusema."

Alipotoka, mlinzi alishangaa kumwona anapita geti la mbele. Dobi alimsalimia kwa heshima zote, akaenda zake.

*

Kamati ilimwita Kipanga peke yake. Alikwenda asubuhi, akarudi mchana, akavua sare, akaikunja. Mama yake alimzunguka kama nyuki.

"Wamekuuliza nini?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

"Waliniuliza kuhusu kochi, nikawaambia. Waliniuliza ningerudia tena kama ningerudishwa siku ile. Nikasema sijui." Akamtazama mama yake. "Mama, ni kweli sijui."

Mama Kipanga akashika kichwa. Dobi, aliyekuwa mlangoni, siku hiyo alipiga pasi mpaka makaa yakaisha, akawasha mengine.

Wiki zikaburutika. Dobi alifua bure nguo za Fundi Seremala, ambaye hakuacha kumuuliza kama wageni waliondoka na nailoni. Karani alileta nguo zake kama zamani, lakini alizihesabu kwa sauti wakati wa kukabidhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Dobi alihesabu pamoja naye. Baba na binti walisalimiana, wakapishana, wakaongea habari za maji ya kisima na sabuni kupanda bei. Mara mbili Kipanga alimsogelea kama mwenye neno, mara mbili akaishia kuuliza kama asaidie kukamua blanketi.

Asubuhi moja simu ililia ndani. Dobi alikuwa uani, mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko, mbele yake lundo la mashuka ya ile nyumba ya wageni. Alisikia Kipanga akipokea. Akasikia "ndiyo", akasikia "ndiyo" nyingine. Hakuinuka. Alisugua shuka moja mahali pamoja mpaka likabaki kidogo litoboke.

Kipanga akatoka. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alivua kandambili, akapandisha gauni magotini, akachuchumaa upande wa pili wa karai na kuchukua ncha ya shuka. Dobi akamtazama usoni, hakusoma kitu. Mtoto alikuwa amefunga duka tena, ila safari hii ndani taa zilikuwa zinawaka.

"Mbona hujaenda shule?"

"Nitakwenda. Acha nifue kidogo."

Wakafua. Akasugua yeye, akasugua huyu. Kutoka ndani wakamsikia Mama Kipanga akiita, "Nani huyo alikuwa kwenye simu? Kipanga! Nakuuliza!"

"Naondoka mwezi wa tisa, Baba," Kipanga alisema, kwa sauti ya chini, akiyatazama maji. "Chuo na kila kitu. Wamesema watalipa mpaka nimalize." Midomo ilimcheza. "Nisamehe. Sikujua kama unasikia."

Mle ndani sufuria ilianguka. Kigelegele kikafuata, hiki hakikumezwa. Mama alikuwa amesikia pia. Majirani wakaanza kufungua milango.

Dobi aligeuza uso upande wa kamba, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Alitaka kujifuta macho, lakini mikono ilikuwa na sabuni. Kisha akalivuta lile shuka kutoka mikononi mwa binti yake, akaliinua kwenye mwanga, akamrudishia.

"Suuza tena," alisema. "Hili bado lina povu."